Maswali Baada ya Mada: Yabaki au Yaondoke?

Katika ratiba ya kongamano, kipindi cha maswali na majibu huandikwa mwisho na hukatwa kwanza. Mgeni rasmi akichelewa, mtoa mada akipitiliza muda, umeme ukikatika, deni lote hulipwa kwa dakika za ukumbi. Mwenyekiti wa kikao husimama na kusema muda umetutupa mkono, huruhusu maswali mawili ya haraka haraka, kisha watu huelekezwa kwenye chai. Kwa mwendo huo kipindi hiki kimechakaa, na wapo waandaaji wanaouliza kwa dhati: kwa nini tusikiondoe kabisa?

Swali lao lina haki ya kujibiwa kwa hoja. Baadhi ya makongamano ya wataalamu wa programu za kompyuta yamekwisha kuamua: mada inaisha, watu wanapiga makofi, anapanda mwingine. Wanataaluma wengi, kwa upande wao, huona mada isiyofuatwa na maswali ni tangazo tu. Ukizipima hoja za pande zote, jibu halitoki kwa ndiyo au hapana moja. Maswali yanapaswa kubaki popote mtoa mada anapotoa dai litakalowagusa watu wengine, ila yabaki yakiwa yamepangwa, na muda wake na kanuni zake. Pasipo na nia ya kuyapanga, ni heri yaondolewe waziwazi kuliko kuachwa kama pambo la ratiba.

Hoja za wanaotaka yaondoke

Hoja yao ya kwanza ni ya hesabu. Ukumbi ukiwa na watu 300, dakika kumi za maswali ni saa 50 za watu zikijumlishwa. Katika saa hizo watasikika watu watatu au wanne, na mara nyingi swali la mmoja humhusu yeye na kazi yake tu. Wengine 296 hungoja. Hoja ya pili inamhusu mtoa mada. Ameandaa hitimisho lake kwa uangalifu, lakini jambo la mwisho ambalo wasikilizaji wanaondoka nalo linakuwa swali lililopotoka na jibu la kubahatisha. Ya tatu ni hofu: kijana anayewasilisha kwa mara ya kwanza anaweza kuumizwa na muulizaji mmoja mwenye nia ya kuonyesha kuwa anajua zaidi.

Mfano maarufu wa mkondo huu ni TED, iliyoanza Marekani mwaka 1984. Mada zake hazitakiwi kuzidi dakika 18 na kwa kawaida hazifuatwi na maswali. Juni 2007 mkutano wake wa kimataifa ulifanyika Arusha, na mmoja wa watoa mada alikuwa Andrew Mwenda, mwandishi wa habari wa Uganda, aliyeushambulia msaada wa kigeni kwa Afrika. Mwanamuziki Bono, mtetezi mkubwa wa misaada hiyo, alikuwa miongoni mwa wasikilizaji na alisikika akimpinga kwa sauti.

Tukio hilo lina mafunzo mawili. Kwanza, kuondoa kipindi cha maswali hakuondoi haja ya kujibizana. Dai likiwa zito, litajibiwa tu, hata kama ratiba haikutenga nafasi. Pili, pasipo na utaratibu, nafasi hiyo huchukuliwa na mwenye jina. Mtu maarufu akipaza sauti katikati ya mada, habari husambaa. Mwanafunzi au mkulima aliyekaa safu ya nyuma akifanya vivyo hivyo, atatolewa nje. Utaratibu wa maswali, pamoja na udhaifu wake wote, ndio unaompa huyu wa nyuma kipaza sauti kilekile alichoshika yule wa mbele.

Wapo wanaosema watu waulizane nje, kwenye chai na korido. Hoja hii ina ukweli mkubwa. Juni 1962, katika mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere, mwanafunzi aliyeitwa Ngũgĩ alimwonyesha Chinua Achebe mswada wake. Ulichapishwa mwaka 1964 kwa jina la *Weep Not, Child*, na historia ya fasihi ya Afrika Mashariki haikubaki ilivyokuwa. Jambo kama hilo haliwezi kufanyika kwa dakika mbili mbele ya kipaza sauti. Linahitaji watu wawili na utulivu.

Lakini jibu la korido husikiwa na mtu mmoja. Kama mtoa mada amedai hadharani kwamba dawa fulani inafaa, au kwamba sera fulani imepunguza umaskini, kisha akakiri kwa mtu mmoja penye chai kwamba takwimu zake zina pengo, ukumbi wote utarudi nyumbani na dai bila pengo lake. Korido inafaa kwa ushauri, urafiki na mipango ya kazi. Dai lililotolewa mbele ya watu linapaswa kuhojiwa mbele ya watu haohao.

Maswali hupima ukweli?

Watetezi wa maswali nao hutia chumvi. Husema kipindi hiki ni chujio la ukweli, kwamba makosa hufichuliwa pale. Mara nyingi sivyo. Juni 1993, mjini Cambridge, Andrew Wiles alitoa mihadhara mitatu na kutangaza kwamba amethibitisha nadharia ya mwisho ya Fermat, fumbo lililowashinda wanahisabati kwa zaidi ya miaka 350. Ukumbi ulikuwa na mabingwa wa fani hiyo, na walimshangilia. Kosa lililokuwa ndani ya uthibitisho ule lilikuja kubainika baadaye, wakati Nick Katz, mmoja wa wahakiki wa mswada, alipoupitia mstari kwa mstari akimwandikia Wiles maswali. Wiles alilirekebisha mwaka 1994 akisaidiwa na Richard Taylor. Maswali ndiyo yaliyofichua kosa, ila yalikuwa maswali ya wiki nyingi, yaliyoandikwa na mtu mwenye maandishi mkononi. Hakuna ukumbi uwezao kufanya kazi hiyo kwa dakika kumi.

Hata mjadala maarufu kuliko yote katika historia ya sayansi haukuthibitisha lolote. Tarehe 30 Juni 1860, mjini Oxford, John William Draper alitoa mada ndefu iliyogusa fikra za Darwin. Mada yake leo haikumbukwi na mtu, isipokuwa wachache. Kinachokumbukwa ni mabishano yaliyofuata kati ya Askofu Samuel Wilberforce na Thomas Huxley. Maneno yao hayakunukuliwa yote wakati ule, na hayakumaliza hoja ya asili ya viumbe. Yaliyoimaliza ni ushahidi uliokusanywa kwa miongo mingi.

Basi, kama maswali hayathibitishi, yana kazi gani? Kazi yake ni kuonyesha mipaka ya dai. Mtafiti anapowasilisha mbegu mpya ya mahindi na kusema mavuno yameongezeka, swali zuri ni hili: mlipanda kwenye udongo gani, mvua ilikuwa kiasi gani, na mkulima asiye na mbolea atavuna nini? Jibu linaweza kuwa, "Hilo hatukulipima." Maneno hayo mawili yana thamani kuliko slaidi nyingi. Ofisa kilimo aliyemo ukumbini anaondoka akijua dai linaishia wapi, na mwandishi wa habari anaandika kwa tahadhari. Mtafiti naye amejifunga mbele ya mashahidi kwamba eneo lile bado lina kazi. Mtoa mada huchagua cha kusema, na katika uchaguzi huo, bila ubaya wowote, huacha sehemu zisizopendeza. Swali humrudisha kwenye alichokiacha.

Nani hushika kipaza sauti

Udhaifu mkubwa wa kipindi hiki ni kwamba si wote wanaokitumia. Mwaka 2018 Alecia Carter na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia semina 247 za kitaaluma katika taasisi 35 za nchi 10. Ingawa wanawake walikuwa takriban nusu ya wahudhuriaji, swali lolote lilikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili na nusu wa kuulizwa na mwanamume. Swali la kwanza likiulizwa na mwanamume, sehemu ya wanawake ilipungua zaidi. Palipopatikana nafasi ya maswali mengi, tofauti ilipungua. Wanawake, kuliko wanaume, walieleza kwamba walikosa ujasiri au walimwona mtoa mada kuwa mtu mkubwa mno. Katika kongamano la kimataifa la wanabiolojia wa uhifadhi lililofanyika Montpellier, Ufaransa, mwaka 2015, wanaume waliuliza maswali 1.8 kwa kila swali moja la mwanamke.

Kwetu yapo mambo mawili ya kuongeza. La kwanza ni lugha. Makongamano mengi ya Dar es Salaam na Nairobi huendeshwa kwa Kiingereza, na mtu aliyeielewa mada vizuri huogopa kukosea sentensi mbele ya watu. Anaulizia moyoni, anakaa kimya. Mwenyekiti akitamka tangu mwanzo kwamba maswali ya Kiswahili yanakaribishwa, wanaoinua mikono hawatakuwa walewale wa kila siku. La pili ni madaraka. Mwanafunzi wa uzamili akimhoji profesa anayesimamia tasnifu yake, au mtumishi wa wilaya akimhoji mkurugenzi kutoka wizarani, anahatarisha zaidi ya aibu ya dakika moja. Kumwambia kwamba kuuliza si ujinga hakumsaidii. Ujinga sio anaouogopa.

Madaraka hayo yanaweza pia kukaa upande wa muulizaji. Tarehe 11 Januari 1935, katika kikao cha Jumuiya ya Kifalme ya Astronomia mjini London, Subrahmanyan Chandrasekhar, kijana wa miaka 24 kutoka India, alieleza kwamba nyota iliyomaliza nishati yake haiwezi kutulia ikiwa uzito wake umepita kiwango fulani. Baada yake alisimama Arthur Eddington, mwanaastronomia mwenye sifa duniani kote, akaidhihaki hoja hiyo. Kijana alitaka kujibu. Mwenyekiti akamwita msemaji mwingine. Chandrasekhar alikuwa sahihi, na mwaka 1983 alipata Tuzo ya Nobeli. Yaliyomfika yalitokana na kikao kilichomruhusu mkubwa kushambulia na kumnyima mdogo haki ya kujibu. Kwa hiyo mwenyekiti anabeba dhamana kubwa kuliko kutazama saa na kutaja majina ya walioinua mikono.

Mchango si kosa

Katika nchi za Magharibi waandaaji wengi hulaani jambo moja kuliko yote: mtu anayeshika kipaza sauti na kusema hana swali, ana maoni. Huku kwetu tuitazame desturi hiyo kwa makini zaidi. Mshiriki anaposema, "Mheshimiwa mwenyekiti, sina swali ila nina mchango," anafuata mila ya muda mrefu ya vikao vya Afrika Mashariki, ambamo mada ni mali ya kikao na kila mtu ana fungu la kuongeza. Ndiyo maana tuna wachokoza mada, watu wanaoalikwa mahsusi ili kuichokonoa mada mara tu inapomalizika. Mwaka 1970, pale Makerere, Ali Mazrui na Walter Rodney walibishana mbele ya umma juu ya mwelekeo wa Afrika, na mjadala wao unatajwa hadi leo kwa sababu kila mmoja alilazimika kuijibu hoja ya mwenzake.

Mchango mzuri una ushahidi. Katika mada kuhusu uvuvi wa Ziwa Victoria, mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi akisimama na kueleza jinsi nyavu ndogo zinavyoingia mwaloni licha ya marufuku, amempa mtafiti kitu ambacho dodoso halikukipata. Kumkatiza kwa sababu hakumalizia sentensi yake na alama ya kuuliza ni upotevu. Mchango mbaya ni mhadhara wa pili: mtu anaanza na wasifu wake, anapita kwenye vitabu vyake, anamaliza kwa shukrani, na mada iliyojadiliwa haikuguswa. Kinachowatenganisha wawili hawa ni uhusiano wa maneno yao na dai lililo mezani, na hilo mwenyekiti makini hulitambua ndani ya sekunde thelathini. Njia iliyo safi ni kutenga vipindi viwili, maswali kwanza na michango baadaye, kila kimoja na muda wake, ili mtoa mada ajue ni wapi anadaiwa jibu.

Desturi ninayoipinga moja kwa moja ni ya kukusanya maswali matano kwa pamoja kabla ya mtoa mada kujibu. Huonekana kuokoa muda, lakini humpa mtoa mada kichaka cha kujificha. Huchagua maswali mawili mepesi, huyajibu kwa kirefu, na lile gumu husema limeshaguswa ndani ya majibu hayo. Muulizaji hana nafasi ya kusema halikuguswa. Swali moja, jibu moja, na ruhusa ya kufuatilia mara moja: huo ndio mwendo unaolinda maana ya kuuliza. Bunge la Tanzania limekuwa likifanya hivyo katika kipindi cha maswali, ambapo swali la msingi hujibiwa kisha hufuatwa na maswali ya nyongeza. Nyongeza ndiyo inayombana waziri, kwa kuwa jibu la kwanza aliliandaa ofisini.

Lipo pia suala la mgeni rasmi. Huyu ndiye mara nyingi mwenye uamuzi juu ya bajeti, sheria na ajira. Husoma hotuba ya nusu saa, hupiga picha ya pamoja, huondoka na msafara wake. Maswali yote ya siku nzima hubaki kwa watafiti wasio na mamlaka. Hapo kongamano linakuwa limemhoji kila mtu isipokuwa yule ambaye jibu lake lingebadilisha jambo.

Njia zilizopo

Wanaodhani chaguo ni kati ya dakika tano za mwisho na kutokuwa na kitu kabisa hawajatazama huku na huko. Mjini Moscow, kuanzia mwaka 1943 na kwa miongo mingi, Israel Gelfand aliendesha semina ya hisabati kila Jumatatu jioni. Maswali hayakungoja mwisho. Alimkatiza msemaji wakati wowote, na alikuwa na desturi ya kumteua msikilizaji mmoja na kumtaka aeleze kilichosemwa. Asipoweza, mada ilirudiwa kwa njia iliyo wazi zaidi. Mtindo huu ni mkali na haufai ukumbi wa watu mia tatu, lakini kwa semina ya watu ishirini unawahakikishia wote kwamba wanafuata. Donald Knuth, bingwa wa sayansi ya kompyuta, alikwenda mbali zaidi: mara kadhaa, ikiwemo mjini München mwaka 2001, alifanya mhadhara usio na mada kabisa, wa kujibu maswali tu.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Katika darsa za misikitini za pwani yetu, mwisho wa somo hupitishwa vikaratasi, na sheikh huvisoma na kujibu kimoja baada ya kingine. Swali la mwanamke aliyekaa nyuma ya pazia na la kijana mwenye haya husomwa kwa sauti ileile iliyosoma swali la mzee wa safu ya mbele. Jina halitajwi, kwa hiyo linalobaki kupimwa ni swali lenyewe. Kikaratasi hicho kinatatua sehemu kubwa ya tatizo lililoonwa na watafiti wa semina zile 247, na gharama yake ni daftari moja na kalamu chache. Programu kama Slido hufanya jambo hilo kwa simu na kuwaruhusu washiriki kuyapigia kura maswali, ingawa kura zina hatari yake: swali linalopendwa na wengi si lazima liwe ndilo linalohitajika zaidi. Bado anahitajika mwenyekiti wa kuchagua.

Mwenyekiti anaweza pia kuwapa watu dakika mbili za kuzungumza na jirani kabla ya mkono wa kwanza kuinuliwa. Swali lililojaribiwa kwa jirani hutoka likiwa fupi na lenye ujasiri. Anaweza kuanza na mwanafunzi au na mwanamke, kwa kuwa tumeona swali la kwanza hufungua au hufunga mlango kwa yanayofuata. Na akiwa na mtoa mada mpya, anaweza kuandaa swali moja la haki ili kumtuliza kabla ya yale makali.

Pasipofaa kuulizwa

Zipo hotuba ambazo maswali huziharibu. Mtu anayetoa ushuhuda wa mateso aliyopitia hapaswi kuhojiwa na ukumbi wa wageni. Hotuba ya kumuenzi marehemu, usomaji wa mashairi au utambaji wa hadithi hazitoi dai la kupimwa; zinatoa kitu cha kupokelewa. Mada za dakika tano tano zinazopangwa kumi mfululizo hazina nafasi ya kuhojiwa moja moja, na ni bora ziwekewe mjadala mmoja mwishoni. Kote huko waandaaji waseme wazi kwenye ratiba kwamba hakutakuwa na maswali, na waeleze mtoa mada atapatikana wapi baadaye. Mshiriki aliyeambiwa ukweli mapema haoni ameporwa.

Kwingineko kote, swali halisi la waandaaji ni hili: muda ukipungua, kipunguzwe nini? Mpaka sasa tumekuwa tukipunguza maswali kwa sababu wanaodai muda mwingine wote wana majina kwenye ratiba, na ukumbi hauna jina. Napendekeza tugeuze mpango. Katika kikao cha dakika 60 chenye mada tatu, kila mtoa mada apewe dakika 12, na dakika 24 zinazobaki ziandikwe kuwa za ukumbi, zisiguswe na yeyote. Anayepitiliza akatizwe. Salamu za itifaki zifupishwe. Na yeyote anayepanda jukwaani kudai jambo linalohusu maisha ya wengine, awe mtafiti, mkurugenzi au mgeni rasmi, akubali kabla ya kualikwa kwamba atabaki kujibu. Asiyeweza kubaki atume hotuba yake kwa maandishi, na nafasi yake apewe aliye tayari kuulizwa.